SOMO: Jinsi ya kuendesha lebo yako ya kidijitali ukiwa DJ, kuanzia daftari hadi mgao wa kwanza

Wakuu, habari za muda huu. Somo hili nimelidaiwa siku nyingi, leo nalimaliza. Linamhusu DJ au prodyuza wa muziki wa kielektroniki, awe anapiga singeli, house, gqom au madundo ambayo bado hayajapata jina, mwenye laptopu, bando na watu wawili watatu anaoaminiana nao. Naendesha lebo ndogo, yaani chapa inayotoa na kuuza muziki, hapa Dar kwa mwaka wa sita sasa.

Kazi hii ina wakubwa waliotutangulia. Kule Detroit, Marekani, vijana watatu waliosoma pamoja Belleville walifungua kila mmoja lebo yake: Juan Atkins akaanza na Metroplex mwaka 1985, Derrick May akafuata na Transmat mwaka 1986, Kevin Saunderson akaja na KMS mwaka 1987. Hapa kwetu midundo ya singeli ilizunguka kwa flashi na simu miaka mingi, kutoka kigodoro hadi kigodoro, zile sherehe za usiku za mtaani. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa ngoma za studio ya Sisso ya Mburahati, Dar, na watu wa Ulaya ambao hawajawahi kukanyaga Manzese wakaanza kuzinunua. Midundo ilikuwepo tangu zamani. Kilichoongezeka ni utaratibu: jina la kila msanii, tarehe, kava, duka la kununulia. Hiyo ndiyo kazi ya lebo.

Hatua ya 1: Fungua daftari kabla ya kutafuta jina la lebo

Wengi huanza na nembo. Wewe anza na daftari, la karatasi au la kwenye kompyuta. Kila ngoma ipate mstari wake: jina la ngoma, nani alipiga mdundo, nani aliimba au kuchana, ilirekodiwa wapi na lini, kuna kipande cha muziki wa mtu mwingine au hakuna, na kila mmoja anapata asilimia ngapi. Asilimia zijumlishwe zifike 100 siku ileile ya kurekodi, wote mkiwa bado chumbani.

Nasisitiza hili kwa sababu lilinichoma. Toleo langu la kwanza lilikuwa na ngoma iliyopigwa usiku mmoja na watu watatu. Hatukuandika kitu, tulikuwa marafiki. Ngoma ikaanza kuchezwa na ma-DJ wa nje, pesa kidogo ikaingia, na hapo ndipo kila mmoja akakumbuka usiku ule kivyake. Mmoja alisema ngoma ile ni ya kwake nusu nzima. Niliishusha sokoni kwa miezi minne hadi tulipokaa na mtu mzima wa mtaani akatupatanisha. Rafiki mmoja sijampata tena mpaka leo. Ile karatasi ingetuchukua dakika kumi.

Hatua ya 2: Andikeni makubaliano kwa Kiswahili mnachokielewa

Kurasa mbili zinatosha. Kila ngoma ina haki mbili na lazima mzitenganishe: haki ya utunzi, yaani melodi na maneno, na haki ya ile rekodi yenyewe, ambayo mtaani tunaiita masta. Lebo inashughulika na masta. Usimwombe msanii akupe masta moja kwa moja. Mwombe akukodishe kwa muda, miaka mitatu hadi mitano, kisha irudi kwake. Lebo ndogo inayochukua masta za milele kutoka kwa kijana wa miaka kumi na tisa inamdhulumu, hata kama kasaini kwa furaha.

Mengine ya kuandika: mgao (lebo nyingi huru hugawana nusu kwa nusu baada ya kutoa gharama), gharama zipi zinatolewa na kikomo chake, taarifa ya mauzo kila baada ya miezi sita hata kama mauzo ni sifuri, na nani ana kauli ya mwisho ngoma ikitakiwa kwenye tangazo au filamu. Mpe MC, yule anayechana, nakala yake mkononi.

Hakimiliki huzaliwa kazi inaporekodiwa, haisubiri usajili. Hata hivyo sajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kama uko Tanzania, au KECOBO kama uko Kenya, maana siku ya ugomvi cheti hukusaidia kuthibitisha.

Hatua ya 3: Jina

Tafuta kwanza kwenye Bandcamp na Beatport (maduka ya muziki ya mtandaoni), Discogs (orodha ya matoleo ya muziki) na Instagram kama kuna lebo yenye jina hilo. Likiwa huru, fungua akaunti zote siku moja. Kwa Tanzania sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mara pesa inapoanza kuingia. Kila toleo lipe namba yake: herufi tatu za lebo, kisha 001, 002, na kuendelea.

Hatua ya 4: Mastaringi

Mastaringi ni kunyoosha sauti ya ngoma kwa mara ya mwisho kabla haijatoka. Toa faili la WAV la biti 24, acha nafasi kidogo juu ili sauti isigonge kikomo, ondoa kilimita (kibana sauti) ulichoweka ili ngoma isikike kubwa, kisha mpe mtu mwenye masikio mapya. Spotify husawazisha sauti kwenye takriban LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo kubana ngoma hadi ikose pumzi hakukupi ushindi wowote huko. Kwenye spika za kigodoro ni jambo jingine, na ndiyo maana mimi huomba masta mbili: ya kustrimu na ya kuchezea.

Mkumbushe fundi muziki wako ni upi. Singeli hukimbia BPM (midundo kwa dakika) 200 na kupanda, na ule mkwaruzo wa kinanda ni sehemu ya ladha. Fundi mmoja wa nje alinirudishia ngoma nne zilizosafishwa vizuri sana, zimekuwa laini kama za hotelini. Nililipa mara ya pili kwa mtu mwingine. Siku hizi natuma na ngoma mbili za mfano, na ujumbe mfupi: uchafu huu tumeukusudia.

Hatua ya 5: Taarifa za ngoma

Hapa ndipo pesa hupotelea. Kila rekodi inahitaji ISRC, namba yake ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12: mbili za mwanzo, tatu za aliyeisajili, mbili za mwaka, tano za rekodi yenyewe. Msambazaji wako, yaani kampuni inayopeleka muziki wako kwenye maduka, kwa kawaida atakupa. Iandike kwenye daftari, kwa sababu ukihama msambazaji rekodi ileile inabaki na ISRC ileile. Ukitoa remiksi, hiyo ni rekodi mpya na namba mpya. Toleo zima nalo lina namba yake ya UPC, ile inayochapwa kama msimbopau.

Andika majina ya wasanii kwa herufi zilezile kila mara. Ukiandika "DJ" leo na "D.J." yenye nukta kesho, maduka yanaweza kufungua kurasa mbili za mtu mmoja na wasikilizaji wakagawanyika.

Ukituma faili kwa ma-DJ, jaza BPM mwenyewe. Programu za kuchezea mara nyingi hukisia nusu, ngoma ya 220 ikaandikwa 110, na DJ wa Berlin akiitafuta kwenye orodha yake haioni.

Kava: mraba, pikseli 3000 kwa 3000, maandishi yasomeke kwenye simu. Mchoraji alipwe na jina lake litajwe.

Hatua ya 6: Mahali pa kuuza

Anza na Bandcamp. Ilianzishwa mwaka 2008, mtu ananunua albamu kama anavyonunua kitu dukani, na wewe unapata barua pepe ya mteja. Inachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, ikishuka hadi 10 ukifikisha dola 5,000 kwa mwaka, ukiacha ada ya malipo. Kuna pia Ijumaa maalumu, zilizoanza Machi 2020, ambazo kampuni huacha fungu lake. Panga toleo lako liangukie hapo. Kabla ya yote hakikisha PayPal ya nchi unayoishi inakuruhusu kupokea, siyo kulipa tu. Wakenya wanaweza kuihamishia M-Pesa.

Kwa Spotify, Apple Music, Boomplay na wenzao unahitaji msambazaji: DistroKid, TuneCore, Symphonic na wengine. Beatport, duka la ma-DJ tangu 2004, nayo hupitia kwa msambazaji. Soma wanavyolipisha: wapo wa ada ya mwaka, wapo wa asilimia. Wa ada ya mwaka, uliza kabisa muziki unabaki au unashushwa usipolipia.

Kustrimu kusikudanganye. Tangu 2024, ngoma isiyofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 hailipwi chochote na Spotify. Kwa lebo changa, watu 40 wanaonunua wana uzito kuliko 900 waliopita wakisikiliza.

Hatua ya 7: Tarehe na promo

Pakia kwa msambazaji wiki nne kabla. Kuiomba Spotify ikuweke kwenye orodha zao ni vyema kufanyike angalau siku saba kabla ya kutoka, na wiki nne zinakupa nafasi ya kusahihisha makosa. Chagua ma-DJ ishirini ambao kweli wanacheza muziki wa aina yako, waandikie mmoja mmoja, wawekee kiungo cha kupakua WAV. Barua moja kwa watu mia tano haisomwi. Na wewe mwenyewe cheza ngoma zako! Kila seti unayopiga ni tangazo.

Hatua ya 8: Mgao

Tuchukue mfano. Umeuza albamu ya dola 7 kwa watu 40, hiyo ni 280. Bandcamp inachukua 42, zinabaki 238. Tuseme ada za malipo zimekula 18: unabaki na 220. Mastaringi ilikuwa 80 na kava 30, jumla 110. Zinabaki 110, lebo 55, msanii 55. Ni ndogo. Mtumie hata hivyo, pamoja na hesabu yote kama nilivyoiandika hapa. Msanii aliyeona hesabu ya 55 ndiye atakayekuletea albamu ya pili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Zanzibar: *Kaka, shukrani kwa somo. Nimetumia kinanda cha taarabu ya zamani, sekunde nne tu, nimekiharakisha hakitambuliki. Kuna shida?*

Shida ipo, dada au kaka yangu. Hakuna kanuni ya sekunde nne. Hayo ni maneno ya mtaani. Umetumia masta ya mtu na utunzi wa mtu, na mifumo ya utambuzi inasikia vitu ambavyo sikio halisikii. Nawe uko Zanzibar, huenda mpiga kinanda huyo au wanawe wako mitaa miwili kutoka kwako. Nenda ukawaone, chukua CD uwasikilizishe, mwandikiane. Ukishindwa, mwite mpigaji apige upya kipande chako kipya na umlipe. Na ngoma yenye kipande usichokimiliki usiiweke Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua na kudai muziki, utakuwa unadai mali isiyo yako.

Swali, kutoka Nairobi: *Mkuu, lebo ya nje yenye matoleo zaidi ya mia imeniandikia inataka EP yangu (toleo fupi la ngoma chache). Si afadhali niwaachie kuliko kuanza yangu?*

Inaweza kuwa afadhali. Waandikie wasanii watatu wa lebo hiyo uwaulize jambo moja tu: taarifa ya mwisho ya mauzo uliipata lini? Majibu yakiwa mazuri, wape EP moja kwa muda maalumu, zinazofuata utoe mwenyewe. Mkenya mwenzako Slikback alitoa kazi kwenye lebo iitwayo Hakuna Kulala ya Kampala, na amekuwa akitoa mwenyewe muziki mwingi Bandcamp. Mkenya mwingine, KMRU, naye ana lebo yake, OFNOT. Njia hizi mbili zinakaa pamoja.

Swali, kutoka Mwanza: *Sina hela ya mastaringi wala kava. Nisubiri?*

Usisubiri. Toa ngoma mbili Bandcamp kwa bei ya "lipa unachoweza", bila msambazaji. Kwa mastaringi, badilishana na prodyuza mwenzio: wewe umsikilizie zake, yeye zako. Kava, piga picha ya mahali ngoma ilipozaliwa. Daftari tu usiliache, maana hilo ni bure.

Swali, kutoka Goma: *Ma-MC wangu hawana akaunti ya benki, na mmoja anabadilisha namba ya simu kila mwezi. Namlipaje?*

Kwenye makubaliano aandike mtu wa pili wa kupokea kwa niaba yake, mama au dada, na namba ya huyo. Kiasi kidogo kisichofaa kutumwa kikusanye hadi kifike kiwango mlichokubaliana, huku taarifa ukimtumia kwa WhatsApp kila nusu mwaka. Kila ukilipa, hifadhi ujumbe wa muamala. Akija baada ya miaka miwili unamwonyesha kila senti ilipo.

Swali, kutoka Temeke: *MC wetu alifariki ngoma ikiwa imerekodiwa lakini haijatoka. Familia haijui chochote kuhusu muziki wake. Tuitoe? Sehemu yake tumpe nani?*

Poleni sana, ndugu yangu. Haki zake hazijazikwa naye, zimepita kwa warithi. Msubiri arobaini ipite, kisha nendeni wawili watatu kwa familia, muwachezee ngoma, muwaeleze asilimia aliyokuwa nayo. Waombeni ruhusa ya kuitoa, na wakisema bado, mngoje. Mgao msiupeleke kwa ndugu anayewahi kupiga simu; ulipwe kwa msimamizi wa mirathi, yule ambaye kikao cha ukoo kimempendekeza na Mahakama ya Mwanzo imemthibitisha. Mpaka alete barua yake, mstari wa marehemu ubaki wazi kwenye daftari kwa jina lake, na pesa yake ikae pembeni bila kuguswa.