Saratani ya mlango wa kizazi ikirudi mahali pasipotarajiwa: namna ya kumpima mama

Wauguzi wenzangu wa vituo vya afya hapa Bukavu, mama aliyetibiwa saratani hii akirudi na maumivu, msiishie kwenye spekulamu, kile chombo cha kutazamia mlango wa kizazi. Mara nyingi inarudi ndani ya miaka 2 au 3 ya kwanza, hasa kwenye nyonga, tezi za limfu, mapafu, ini au mifupa. Ila inajificha kwingine pia.

Hatua ya 1. Soma fishi yake. Alipasuliwa, alipigwa mionzi, au vyote? Lini? Sehemu iliyokwisha kupigwa mionzi hairudiwi kirahisi.

Hatua ya 2. Mwombe avue kitambaa cha kichwa. Papasa ngozi ya kichwa, juu ya mtulinga wa kushoto, kisha kovu la tumboni. Kama alijifungua ugonjwa ukiwa tayari umeingia, tazama kovu la msamba; chembe za saratani huweza kujipandikiza pale. Kinundu kigumu, hata kisichouma, kitolewe biopsi, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara.

Hatua ya 3. Nyoosha mguu, polepole. Mama mmoja wa Kadutu aliletwa amelala ubavu, goti amelikunjia tumboni. Nilipougusa tu mguu, alinikamata mkono kwa nguvu zake zote. Miezi miwili alikuwa akitibiwa rematisimu. Kumbe saratani ilikuwa ndani ya msuli wa psoasi, ule unaotoka uti wa mgongo kuelekea paja. Kwenye ekografi uvimbe huo hufanana na jipu, na kwetu jipu la hapo tunalidhania TB upesi. Chukua sampuli kwa sindano, ipimwe TB na saratani kwa pamoja.

Mguu ukivimba, na maumivu yanashuka nyuma ya paja, tazama figo kwa ekografi na upime kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo: sisplatini, dawa ya saratani, huumiza figo.

Hatua ya 4. Tuliza maumivu leo, majibu yatamkuta. Morfini ya kunywa kila saa 4, na dawa ya kulainisha choo. Figo zikiwa dhaifu, punguza dozi na urefushe muda.

Hatua ya 5. Rufaa. Kinundu kimoja pekee huweza kukatwa au kupigwa mionzi. Ugonjwa ukisambaa, ni dawa za saratani: sisplatini au kaboplatini pamoja na paklitakseli. Mfupa unaouma, mionzi ya Gy 8 (grei, kipimo cha dozi ya mionzi) mara moja huwatuliza wengi. Kwa mionzi tunawavusha mpaka wa Rusizi hadi Kigali, Rwanda, ambako hospitali ya kijeshi ya Kanombe iliianza mwaka 2019. Kwenye barua andika jibu la biopsi na dozi zote za mionzi alizokwisha kupata, na umkabidhi mama mwenyewe nakala.