Samaki pundamilia wanaowaka kijani: jinsi ya kupima kemikali zinazojifanya estrojeni

"Kaka, wote wanawaka. Hata wale wa maji matupu."

Ujumbe huo ulinifikia saa nne usiku, kutoka kwa kijana anayesoma uzamili huku Uingereza, maabara ya jirani na yetu. Alikuwa akipima kemikali kwa vifaranga vya samaki pundamilia, na wale wa maji matupu, wasiotiwa kemikali, hawakupaswa kuwaka. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza wiki tatu kwa kosa hilohilo. Haya ndiyo niliyomwelekeza, kwa mpangilio mzuri kidogo kuliko wa usiku ule.

Chagua ukoo wa samaki

Mimi natumia ukoo wa cyp19a1b. Hiyo ni jeni ya aromatasi ya ubongo, kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni, na huamka ikiguswa na estrojeni, yaani homoni ya kike. Swichi yake imeunganishwa na jeni ya protini ya kijani iliyotoka kwa konyeza, kwa hiyo kemikali ikijifanya estrojeni, ubongo wa kifaranga unawaka kijani chini ya mwanga wa bluu. Kipimo chenyewe kinaitwa EASZY, na OECD, shirika la nchi zilizoendelea linalotoa miongozo ya vipimo vya kemikali, waliupitisha mwongozo wake, namba 250, mwaka 2021. Chuo Kikuu cha Exeter wana ukoo mwingine, ERE, waliouchapisha 2012, unaowaka hata kwenye ini, moyo na misuli. Huo ni mzuri ukitaka kujua kemikali inagusa kiungo gani. Kama swali lako ni "ipo au haipo", usijisumbue, chukua cyp19a1b.

(Wale samaki wa rangi wanaouzwa Marekani kama mapambo ni ndugu zao. Nao walianzia maabara ya Singapore iliyokuwa ikitafuta samaki wa kupimia uchafuzi wa maji.)

Mayai

Jioni weka dume na jike, kizuizi katikati. Asubuhi taa zikiwaka, ondoa kizuizi. Kusanya mayai, osha, tupa yaliyogeuka meupe.

Bakuli na dawa

Tumia bakuli za kioo, sitaki kusikia habari za plastiki. Homoni hunata kwenye plastiki, na baadhi ya plastiki hutoa bisifenoli A, ambayo nayo hujifanya estrojeni. Weka mayai 20 kila bakuli kabla hayajafikisha saa 4 tangu kurutubishwa. Yeyusha kemikali kwenye DMSO, kimiminika cha kuyeyushia, isizidi asilimia 0.01 ya maji yote.

Unahitaji bakuli la maji matupu, la maji na DMSO, za viwango vya kemikali unayoipima, na moja la ethinilestradioli, homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango. Hiyo iwe nanomoli 0.05 kwa lita, yaani nanogramu 15 hivi. Kwa kiwango hicho, bwawa la Olimpiki lenye lita milioni 2.5 lingehitaji miligramu 40 hivi tu, na bado samaki wangewaka. Likumbuke hilo tukifika kwenye kuosha vyombo.

Nyuzi 28, badilisha maji kila siku, usilishe. Ukifika saa 96, simama.

Picha

Walevye kwa trikaini, walaze kwenye selulosi ya methili, ute mzito wa kuwashikilia, mgongo juu. Wengine wanapenda agarosi, jeli inayoganda. Mimi siipendi, kwa sababu ikishaganda huwezi kumgeuza samaki. Kumgeuzia natumia unywele wa kope uliobandikwa kwenye kijiti kwa rangi ya kucha, na sijaona kifaa cha dukani kinachoushinda. Usiwatie PTU, kemikali inayozuia rangi ya ngozi, ili kuondoa weusi: inavuruga tezi ya thairoidi, na wewe unapima homoni.

Wakiwaka wote

Hapa ndipo wiki zangu tatu zilipokwenda, kwa hiyo vumilia.

Nilianza kushuku kiini cha yai. Kweli, kiini huwaka chenyewe chini ya mwanga wa bluu, ila rangi yake ina umanjano, na utaiona hata kwa samaki wa kawaida wasio na jeni ya konyeza. Ndiyo maana kila mara weka wachache wa kawaida pembeni. Wangu walikuwa na kiini cha manjano na ubongo mweusi, kwa hiyo haikuwa hiyo.

Kisha nikabadilisha maji. Hakuna kilichobadilika.

Kisha nikagundua kamera ilikuwa kwenye otomatiki. Samaki akiwa hafifu, kamera inaongeza muda wa kupokea mwanga mpaka naye aonekane taa. Izime! Anza na samaki wa ethinilestradioli, pandisha muda mpaka kabla tu picha haijaungua, andika namba hiyo kwenye daftari, na usiiguse tena hadi samaki wa mwisho. Nilipofanya hivyo, wengi wa maji matupu wakazimika. Bakuli moja likabaki linawaka.

Bakuli hilo, nilipolitazama kwa chini, lilikuwa na alama ya kalamu iliyofutika nusu: "EE". Jaribio lililopita lilikuwa la ethinilestradioli, na niliyeliosha ni mimi, kwa sabuni na maji ya bomba. Sabuni haitoshi. Sasa naosha kwa asetoni, halafu methanoli, halafu maji safi, na hata hivyo bakuli za homoni zina kabati lake na mkanda mwekundu. Wakati wa kubadilisha maji naanza na maji matupu, napanda kuelekea dawa kali, na pipeti hairudi nyuma.

Kijana naye ilikuwa kamera.

Namba

Pima mwangaza kwa ImageJ, programu ya kupimia picha, eneo lilelile la ubongo kwa kila samaki, linganisha na bakuli la DMSO. Mimi hurudia mara tatu kwa mayai ya siku tofauti. Tahadhari moja: testosteroni nayo huwasha, kwa sababu aromatasi huigeuza estrojeni. Ukipima maji ya mfereji wa taka, usikimbilie kuandika "estrojeni" kabla mkemia hajakuambia kilichomo.

Kumaliza

Samaki hawa wamebadilishwa jeni, hawamwagwi kwenye sinki, hata mayai yao. Wape trikaini ya kuua, subiri, kisha wapeleke kwenye ndoo ya kuchomwa. Maji ya dawa yana chupa yake.