Unataka printa ya kujaza wino mwenyewe? Anza na chupa, mashine baadae

Hili swali naulizwa karibu kila wiki hapa dukani kwangu Mwanga, Kigoma, mtu amekuja kutoa kopi ya cheti, anaangalia mashine yangu inavyotema karatasi afu anasema kaka na mi nataka ya kwangu, ninunue ipi? Huwa namrudishia swali, ukiishiwa wino Ijumaa jioni utaupata wapi? Wengi hapo wananyamaza. Mtu kashapiga hesabu ya printa mpaka shilingi ya mwisho ila wino hajauwaza kabisa, sawa na kununua pikipiki ambayo spea zake hujawahi kuziona mjini.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela zunguka kwanza. Pita steshenari za Mwanga, shuka mjini huku stesheni, kama unakaa Ujiji au Gungu ulizia na huko, na usiulize printa, uliza wino kwa namba yake. Mna Epson 103? Mna 664? Mna GI-490 ya Canon? GT53 ya HP je? Ukiona namba moja iko maduka matatu na nyingine mpaka uagize Dar ije na basi, hapo nusu ya kazi ya kuchagua umeshaimaliza. Printa iwe nzuri vipi, kama wino wake uko njiani na wewe una foleni ya vijana wa fomu za mkopo mlangoni, hiyo kwako ni meza tu ya kuwekea daftari.

Sasa tuje kwenye mashine zenyewe. Ziko za katriji, yaani kikopo kidogo cha wino unachochomeka ndani, na ziko za tenki, unalolimiminia wino wa chupa.

Za katriji ndo zile za bei ya chini zinazowavutia watu, na ya kwangu ya kwanza ilikuwa hiyo, kampuni siitaji. Nilifurahi siku ya kwanza, wiki ya pili wino kwisha, naenda kuulizia katriji mbili, nyeusi na ya rangi, bei yake ukijumlisha imekaribia kabisa ile niliyonunulia printa. Ndo biashara yao ilivyo. Angalia hesabu hii, katriji nyeusi ya Canon PG-445 ina wino mililita 8, kiwandani wanasema kurasa 180. Yaani fomu ya kujiunga na shule yenye kurasa 15, ukitolea wanafunzi 12 tu umemaliza. Chupa nyeusi ya Epson 103 ina mililita 65 na wanasema kurasa 4,500. Na hizo za kiwandani ni kurasa za maandishi ya kawaida, ukianza mapicha usitegemee ufike huko.

Ila katriji zinajazika, nisikudanganye, na kama tayari unayo ya namna hiyo usiitupe. Kuna katriji ambazo kichwa cha kutolea wino kimo humohumo kwenye katriji, kama hizo PG-445 na CL-446 au 652 ya HP, hizo ndo rahisi kujaza kwa sababu ndani ni sponji tu. Nenda duka la dawa nunua bomba za sindano, moja kwa kila rangi. Bandua kistika cha juu utaona vitundu, ingiza sindano taratibu mpaka ndani ya sponji, sukuma wino polepoleee, ukiona unaanza kupanda kwenye kitundu simama hapohapo, vuta kidogo urudishe. Ya rangi ina vyumba vitatu na hapo ndo watu wanaharibu, usikariri mpangilio wa mtu uliyemuona kwenye video, chukua njiti ya meno safi chomeka kila kitundu uone inatoka na rangi gani. Mi sikufanya hivyo mara ya kwanza, nikatia bluu kwenye njano, wiki nzima ngozi za watu kwenye pasipoti saizi zilikuwa za kijani.

Ukimaliza kunja tishu, ilowanishe kidogo, iweke mezani afu kandamiza katriji upande wa chini bila kusugua. Ukiinua unatakiwa uone mistari mitatu iliyosimama, bluu, nyekundu ile ya waridi na njano, kila mmoja peke yake. Ukiona miwili tu chumba kimoja kimeziba, ukiona imeungana umejaza kupita kiasi, iache ikae juu ya tishu ijichuje. Zile sehemu za shaba usizishike na vidole vya mafuta. Ukirudisha, printa italalamika wino umeisha, kwenye Canon nyingi za aina hiyo bonyeza kitufe cha Stop ukishikilie kama sekunde 5 au zaidi itaacha kupima wino iendelee na kazi. Na usisubiri katriji ikauke kabisa ndo ujaze, hizi zinachemsha wino ili uruke kwenye karatasi, zikikosa wino zinaungua kichwa.

Zinazonitia wasiwasi mimi ni za katriji zenye chipu, zile kila rangi na kidude chake. Unaweza kujaza vizuri kabisa na mashine ikakataa kwa sababu chipu imeandika imeisha, mpaka upate kifaa cha kuireseti au katriji zenye chipu inayojireseti. Na kuna HP ambazo jina lake linaishia na herufi e, wakati wa kuiunganisha inakuomba ujiunge na HP+, ukikubali basi inataka intaneti muda wote na wino wa HP orijino tu. Mtu anabonyeza kubali kubali bila kusoma, afu ananiletea eti nimjazie.

Za tenki ndo ushauri wangu kwa anayetaka kujaza mwenyewe bila stresi. Epson L, Canon PIXMA G, HP Ink Tank na Smart Tank, Brother za DCP-T, zote unamimina wino kwenye tenki, hakuna sindano. Lakini kumimina nako kunatofautiana, na hili muuzaji hakwambii. L120 na zile L za zamani zinazotumia 664 mdomo wa tenki ni tundu tupu, chupa yoyote inaingia, hata wino wa bei rahisi wa chupa kubwa unaumimina freshi. Ubaya wake ni kwamba hata ukimimina nyeusi kwenye njano hakuna wa kukuzuia. Hizi L3110, L3210, L3150, L3250 zinazotumia 103, mdomo wa chupa umekatwa kwa rangi yake, ya bluu haikubali kwenye nyekundu, unaigeuza juu chini wino unashuka wenyewe na tenki likijaa unasimama wenyewe. Raha sana, hata mtoto anajaza. Ila ukinunua wino usio orijino hakikisha mdomo wa chupa unaingia, kama hauingii utarudi kwenye bomba la sindano, toa sindano tumia bomba lenyewe.

Kitu cha pili ni kichwa. Epson kichwa kimefungwa ndani ya mashine, hakichemshi wino kwa hiyo kinadumu na kinavumilia wino wa aina nyingi, ndo maana wanaochapa fulana na vikombe wanazipenda, lakini kikiziba kabisa ni kazi ya fundi na bei yake inauma. Canon G kama G2411 na G3411, pamoja na HP Ink Tank, vichwa viwili vinatoka kama katriji, kikifa unaagiza kingine unachomeka mwenyewe. Mi dukani natumia Epson kwa sababu inafanya kazi kutwa haipati nafasi ya kuziba, na wino wake naupata nikivuka barabara. Mwalimu anayetoa mtihani mara moja kwa mwezi ningempa Canon G.

Afu kuna jambo la maji. Nyeusi ya Canon G ni wino wa chembechembe (pigment), ikishakauka matone ya mvua hayaifanyi kitu sana. Nyeusi ya 103 ni wino wa rangi iliyoyeyuka kwenye maji (dye), barua ikilowa inachuruzika. Kama wateja wako wanapanda boti Kibirizi na bahasha mkononi, liwaze hilo. Ila usije ukafikiri utie wino wa chembechembe kwenye Epson ya 103 ili upate uimara, utaziba kichwa. Na wino wa kuhamishia kwenye fulana usiuchanganye kamwe na wa kawaida, printa ikishatumia huo iache iwe ya kazi hiyo.

Kingine ambacho kinawashtua watu, printa kila ikijisafisha inamwaga wino kidogo kwenye sponji lililoko chini ndani, na inahesabu. Hesabu ikijaa inagoma, Epson taa zinapepesa kwa zamu, Canon inaleta 5B00. Watu wanadhani imekufa wanaiuza bei ya kutupa. Epson unareseti kwa programu kwenye kompyuta, lakini kureseti kunafuta hesabu tu, sponji bado limelowa chapachapa, lisipooshwa au kubadilishwa siku moja unakuta wino umetambaa mezani. Baadhi ya Canon G mpya zina kiboksi cha wino taka, MC-G02, unatoa unaweka kingine, umemaliza. Ukikuta yenye hicho kiboksi na wino wake upo mjini, usiulize mara mbili.

Kama unanunua mtumba usikubali kuambiwa nzima hii kaka. Iwashwe mbele yako, itolewe ile karatasi ya kupima matundu, ndo ile yenye vimistari vya ngazi vya kila rangi. Vikikatika viwili vitatu sio mbaya, safisha mara moja vinarudi. Rangi nzima ikikosekana na hata wakisafisha mara tatu hairudi, waachie wenyewe. Angalia na mipira midogo ya kupitishia wino inayotoka kwenye tenki, ukiona sehemu ndefu nyeupe humo ni hewa, mashine ilisafirishwa imelala ubavu au ilitumika mpaka tenki likakauka. Kwenye L120 na zile za umri wake kuna kiswichi cha kufunga wino wakati wa kusafiri, kifungwe kabla haijapanda basi, na ukifika ukumbuke kukifungua, mi nilishawahi kusahau nikasafisha kichwa mara nne najiuliza wino umeenda wapi.

Ukishainunua, izime kwa kitufe chake, sio ukutani. Ukiizima kwa kitufe kichwa kinarudi kwenye kifuniko chake hakikauki, ukichomoa ukutani au umeme ukikatika katikati ya kazi kinabaki wazi. Huku kwetu ambako umeme unakatika utakavyo, ukirudi iwashe uizime vizuri hata kama hauna kazi. Toa karatasi moja ya rangi kila wiki. Wino usishuke chini ya ule mstari wa chini wa tenki. Na usishangae chupa za kwanza zikionekana zimeisha haraka, sehemu ya huo wino imeenda kujaza mipira.

Siku ya kuichukua dukani usikubali bodaboda aifunge nyuma kwa mpira ikiwa imelala. Panda bajaji, iweke mapajani ikiwa imekaa sawa, na chupa za wino ziwe kwenye mfuko wake mwingine.