Kabla ya kubandika vigae vya vinaili vilivyokwishatumika

Umepata vigae vya vinaili vilivyobanduliwa kwenye jengo la zamani na bado vinapendeza. Uzuri uweke kando kwanza, uliza umri wake. Vigae vingi vya aina hii vilivyotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 vilichanganywa na asbesto (madini ya nyuzinyuzi yanayoleta saratani), na gundi nyeusi ya lami iliyovishikilia mara nyingi ilikuwa nayo pia. Kigae cha inchi 9 kwa 9 kikutie shaka papo hapo, ingawa hata vya inchi 12 havijasalimika. Kwa macho hutajua. Ni maabara tu itakayokuambia. Mpaka majibu yatoke, usivivunje, usivikwangue, na msasa usiuguse kabisa, kwa sababu nyuzi za asbesto zikiingia kwenye mapafu hazitoki, na saratani yake huweza kujitokeza miaka 20 au zaidi baadaye. Asbesto ikionekana, achana navyo hata kama umepewa bure.

Vikiwa salama, geuza kimoja uangalie mgongo. Hapa ndipo kazi ilipo. Gundi mpya haishiki vizuri juu ya mabaki ya zamani, na donge dogo kama punje ya mchele litaonekana juu ya kigae kila taa itakapomulika kutoka ubavuni. Chukua kigae kimoja, kipashe joto taratibu kwa draya ya nywele mpaka gundi ilegee, kwangua, tazama umetumia dakika ngapi, kisha zidisha kwa idadi ya vigae vyote. Wengi wakishapiga hesabu hiyo huamua kununua vipya, na siwalaumu. Vya kupachikana havina shida ya gundi, ila kagua ndimi zake, yaani vile vichomozo vya ukingoni vinavyoingia kwenye kigae cha jirani: ulimi uliomeguka hautashika tena.

Pima unene pia. Cha milimita 2 kikikaa kando ya cha milimita 3, utajikwaa.

Hesabu vizima peke yake, na uwe na ziada ya angalau asilimia 10. Vikikuishia katikati ya chumba, huenda vya kufanana navyo havipatikani tena. Vipange chini bila gundi kwanza, maana vilivyokuwa chini ya kabati huwa havijapauka kama vilivyopigwa na jua. Kisha vilaze bapa ndani ya chumba hichohicho siku mbili vizoee joto lake.

Sakafu ya zege nayo ipimwe unyevu. Tandaza karatasi ya nailoni, ziba kingo zote kwa utepe, iache siku nzima. Ukifunua ukakuta matone au zege limekuwa jeusi, usibandike chochote kabla hujajua maji yanatoka wapi.

Vipande vitakavyobaki usivichome: vinaili ikiungua hutoa moshi wenye asidi na sumu nyingine.