SOMO: Kumchora mtu aliyesimama mbele ya darasa (darasa la 6 hadi kidato cha 2)

Naulizwa kila mara kwa nini watoto wanatoa kichwa kama dafu na miguu mifupi. Naandika mara moja hapa.

1. Karatasi A3, penseli 4B, boksi gumu la kuegemezea. Vifutio vikusanye.

2. Anayechorwa asimame, wengine wakae nusu duara, mita 3 kutoka kwake. Nyayo zake zizungushie chaki. Apumzike kila dakika 5.

3. Mikao 10 ya sekunde 30: mgongo, mabega, nyonga, mguu unaobeba uzito. Uso na vidole, hapana.

4. Kupima. Hapa ndipo somo linapofia. Penseli wima, kiwiko kimenyooka kabisa, jicho moja limefumbwa. Ncha iwe usawa wa utosi, ukucha wa gumba usawa wa kidevu: hicho ni kichwa kimoja. Shuka ukihesabu hadi unyayoni. Mtoto wa miaka 12 hufika karibu vichwa 7, mtu mzima 7 na nusu. Kiwiko kikikunjwa katikati ya kuhesabu, penseli inasogelea jicho, kipimo kinaonekana kirefu, hesabu inashuka hadi 6 au 5. Ndiyo hiyo miguu mifupi! Kofia na mtandio visihesabiwe. Kwenye karatasi weka kwanza alama ya utosi na ya unyayo, sm 28 kati yake, ugawe mara 7. Nusu ya urefu iangukie kwenye nyonga, si kiunoni.

5. Ning'iniza uzi wenye kokoto mbele ya jicho upate mstari wima: akiegemea mguu mmoja, shimo la koo huwa wima juu ya kifundo cha mguu huo.

6. Mzingo (mstari wa nje wa mwili), kisha kivuli. Dirisha moja tu liwe wazi.

MASWALI

— Maalim, wangu vichwa bado vikubwa.
Hatua ya 4. Yote, si mstari wa kwanza.

— Si bora niwape picha ya simu wanakili?
Basi hilo ni somo la kunakili. Na simu ikiwa karibu huvimbisha kilicho mbele.

— Niko skuli moja Wete. Wavulana kanzu, wasichana baibui. Mguu wenye uzito nitauonyeshaje?
Swali zuri, dada. Tafuta nguo inapogusa mwili: mabega, nyonga, goti lililolegea. Mikunjo huanzia hapo. Goti lililolegea husukuma kitambaa mbele. Upande wenye uzito kitambaa huanguka wima. Chora mwili kwa mistari hafifu, kisha uuvishe. Pindo la chini ni upinde, maana linazunguka miguu. Asiyetaka kusimama asilazimishwe, na Ramadhani anayechorwa akae kitini.

— Makaa ya kupikia yanafaa?
Magumu, yanachana karatasi. Chukua vijiti vikavu vya mti laini, unene wa penseli, umenya ganda, ujaze kopo lenye kifuniko, utoboe tundu dogo la msumari. Weka motoni mpaka moshi ukatike. Usifungue likiwa moto: hewa ikiingia vinawaka, unabaki na jivu.

— Kopo la rangi je?
Hapana, mabaki yake yanatoa moshi mbaya. La maziwa ya unga.