SOMO: Frostpunk, namna ya kuvuka siku za mwanzo bila mji kuganda

Wakuu, kila nikifungua inboksi nakuta lile lile: "mji wangu umekufa, tatizo nini?" Naandika mara moja, hapa hapa. Atakayeniuliza tena nitamrudisha kwenye uzi huu bila salamu.

Kwa wageni: Frostpunk ni gemu ya kompyuta ya kujenga na kuongoza mji, imetoka 2018, wametengeneza 11 bit studios wa Warsaw, Poland. Ni mwaka 1886, jua limefifia, dunia imeganda, na wewe ni kiongozi wa watu waliokimbia London kwenda kaskazini kufuata jenereta kubwa ya makaa ya mawe. Somo hili ni la simulizi ya kwanza, "A New Home", ugumu wa kawaida. Unaanza na watu 80: vibarua 50, wahandisi 15, watoto 15.

1. Simamisha muda kabla ya kugusa chochote. Muda ukiwa umesimama bado unagawa watu na kupanga majengo.

2. Tawanya watu kwenye malundo ya makaa, mbao na chuma. Wahandisi nao waokote mpaka karakana iwe tayari, hakuna ubosi hapa.

3. Jenga karakana moja, weka wahandisi 5. Bila karakana hakuna utafiti.

4. Mahema yazunguke jenereta, kila moja watu 10. Barabara lazima ziungane na jenereta, jengo lisiloguswa na barabara ni pambo tu.

5. MAKAA. Soma pole pole, maana hapa ndipo miji inapofia, na wangu wa kwanza ulifia hapa hapa.

Mchana unaangalia namba ya makaa, inapanda, unatulia. Lakini vibarua wanaingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 12 jioni. Hizo ni saa 10. Jenereta haina jioni, inakula saa 24. Tuseme inakula 6 kwa saa: siku nzima ni 144. Waokotaji wako wanaleta 12 kwa saa, macho yanakuambia una faida ya 6 kila saa. Piga hesabu tena: 12 mara 10 ni 120. Kila siku unakopa makaa 24 kwenye lundo ulilonalo, na usiku mmoja saa 9 lundo linaisha, moto unazimika watu wako kitandani. Asubuhi nusu ya mji ni wagonjwa. Wagonjwa hawaokoti, makaa yanapungua zaidi, na kuanzia hapo unashuka tu. Watu wanasema wameuawa na baridi ya siku ile. Walishakufa siku mbili kabla, kwenye hesabu.

Kwa hiyo swali la kila jioni ni moja: nilichonacho kitafika saa 2 asubuhi? Kama hakifiki, hamisha watu kutoka kwenye mbao kesho yake. Na ule utabiri wa hali ya hewa juu ya skrini si urembo. Joto likikaribia kushuka, ulaji utapanda kwa sababu utalazimika kuongeza nguvu ya jenereta. Weka akiba KABLA.

Maonyo:
- Siku za kwanza unaweza kuzima jenereta mchana ili kubana makaa, waokotaji wako nje na hawapati joto lake hata hivyo. Ila karakana na zahanati zikishakuwa na watu, wanaoganda ni hao. Usiku usizime.
- Kuna kitufe cha kuisukuma jenereta kupita uwezo wake. Kinaokoa, lakini presha ikifika asilimia 100 jenereta inalipuka. Washa, pumua, zima.
- Hita za kwenye majengo nazo zinakula makaa. Ziwashe panapohitajika tu.

6. Vituo vya kukusanyia. Weka kimoja katikati ya malundo mawili matatu tofauti. Watu 10 wanatosha, na hawapigwi na baridi kama wa nje.

7. Chakula: banda la wawindaji (wanatoka usiku, wanarudi asubuhi na nyama mbichi) pamoja na jiko. Nyama mbichi inahitaji jiko ili iwe mlo, msije kuniuliza "mbona wana njaa na nyama ipo".

8. Zahanati moja mapema, iwe ndani ya joto. Zahanati iliyoganda haitibu.

9. Tafiti puto la uangalizi, tuma maskauti. Huko nje kuna manusura na viini vya mvuke (vipuri adimu vya majengo makubwa), na viini huwezi kutengeneza mjini. Bila viini huna kitalu nyumba wala mgodi wa maana.

10. Kitabu cha Sheria: kila ukiruhusiwa kupitisha sheria, pitisha. Watu wengi wanasahau kipo.

MASWALI YA WADAU

Chuma_Chakavu: Mkuu mji wangu unakufa siku ya nne, nifanyeje?
Mleta mada: Hatua ya 5.

Chuma_Chakavu: Nimesoma bado unakufa.
Mleta mada: Saa 12 jioni ulikuwa na makaa mangapi, na jenereta inakula mangapi kwa saa? Usipojua hizo namba mbili hujasoma, umepitisha macho.

Bint_Kipupwe: Asante kwa somo. Mimi nakwama kwenye sheria ya watoto. Kuwatuma kazini moyo unakataa, lakini mikono 15 ni mingi. Wewe unachaguaje?
Mleta mada: Dada, swali zuri. Ukiwatuma unapata mikono leo hii, kwenye kazi salama tu au ukiendelea, kazi zote. Ila ajali zitatokea, na mji utanung'unika. Ukiwajengea makazi, mwanzoni unaona umepoteza watu 15, lakini baadaye unaruhusiwa kuwafanya wanafunzi wa wahandisi, utafiti uende kasi, au wasaidizi wa waganga. Mimi nawaweka kwenye makazi, kwa sababu kinachonibana mimi ni utafiti. Ambaye siku ya tatu hana makaa atachagua kingine, na mchezo hautamwadhibu papo hapo. Ndiyo ubaya wake.

Bint_Kipupwe: Na wale wanaotaka kurudi London?
Mleta mada: Hao hutokea baada ya maskauti kukuta Winterhome, mji jirani, imekufa. Mpaka siku hiyo watu waliamini kuna mji mwingine uliosalimika, kwa hiyo kipimo cha Matumaini ya watu kinaporomoka. Hapo ndipo unafunguliwa njia mbili, Utaratibu au Imani. Zote zinapandisha Matumaini: moja kwa walinzi na doria, nyingine kwa nyumba za sala. Chagua yoyote, lakini usifike mpaka sheria ya mwisho ya njia hiyo. Ile inaondoa kabisa kipimo cha Matumaini, unabaki na utii. Mwishoni mchezo unakuhesabia ulivuka mpaka au hukuvuka. Panda polepole, simama pale panapotosha.

Mzuka_wa_Gemu: Weka linki ya bure basi.
Mleta mada: Hapana. Subiri punguzo la Steam, duka la gemu mtandaoni.

Mzuka_wa_Gemu: Roho mbaya.
Mleta mada: Sawa.

Fundi_Rejeta: Mleta mada, umesema wahandisi 5 karakana. Mimi naweka karakana tatu, utafiti unaruka. Somo lina kasoro.
Mleta mada: Halina. Karakana ya pili na ya tatu zinaongeza kasi kwa kipande tu, haziongezi kasi mara mbili wala mara tatu. Na wahandisi 15 wote wakiwa karakana, zahanati anakaa nani? Ukishaleta manusura wenye wahandisi ndani yao, ongeza. Somo ni la siku za mwanzo, kichwa kinasema.

Fundi_Rejeta: Hapo nimekuelewa. Kidokezo kwa wadau: sheria ya zamu ya dharura, saa 24 mfululizo, iwekeni karakana usiku mmoja kabla baridi haijashuka. Kipimo cha Manung'uniko kitapanda, kitashuka.
Mleta mada: Kweli, ila usiifanye desturi. Manung'uniko yakijaa wanakupa siku chache za kujirekebisha, zikipita wanakufukuza mji ukiwa mzima.

Bint_Kipupwe: Laptop yangu ina RAM ya GB 4, inakwama mji ukikua.
Mleta mada: 4 ndiyo kiwango cha chini kabisa. Shusha ubora wa vivuli na theluji, funga brauza.

Fundi_Rejeta: Na apulize vumbi la feni, mji wa barafu unachemsha laptop kuliko pasi. Halafu hifadhi gemu kwa mkono, umeme haupigi hodi. Hasa kabla ya kutuma maskauti Tesla City, mji mwingine huko nje kwenye ramani, pale wanaweza kufa wote kwa radi.

Chuma_Chakavu: Jioni makaa 90, inakula 9 kwa saa.
Mleta mada: 90 gawanya kwa 9 ni saa 10. Kutoka saa 12 jioni mpaka saa 2 asubuhi ni saa 14. Ongeza kituo kimoja cha makaa leo kabla hawajalala, na kesho toa watu 10 kwenye mbao.