Gari la Kifahari Nairobi: Jinsi ya Kuchagua Litakalodumu

Wateja wengi huja gerejini kwangu Industrial Area wakiwa wameshalipa. Gari linang'aa, harufu ya polishi bado ipo, na swali lao ni moja: "Fundi, nimenunua vizuri?" Wakati huo nikisema ukweli naumiza mtu. Ndiyo sababu naandika haya, ili uulize kabla pesa hazijatoka.

Magari ninayoshika zaidi ni Toyota Crown, Mark X, Mercedes C-Class na BMW 3 Series. Yote yanaweza kukutumikia miaka mingi hapa Nairobi. Yote pia yanaweza kulala kwenye mawe nyuma ya nyumba miezi sita yakisubiri spea. Kinachotofautisha hali hizo mbili ni jinsi lilivyotunzwa, kama spea zake zinapatikana mjini, na kama unamjua fundi anayelielewa.

Hatua ya 1: Gawa pesa kabla ya kwenda yadi

Usimalize akiba yote kwa kununua. Ukiwa na milioni mbili na nusu, tafuta gari la milioni mbili na laki moja. Laki nne zinazobaki ni za oili ya injini na ya giaboksi, plagi, kulanti (maji maalum ya kupozea injini), bushi (raba za miguu ya gari), betri na pengine matairi manne. Gari likiwa zima sana, pesa hizo zitakaa benki zikingoja siku yake.

Hatua ya 2: Chagua injini, rangi baadaye

Mark X ya mwisho, ile ya GRX130 (herufi na nambari kama hizi ni jina la toleo), ina injini ya V6 ya lita 2.5 iitwayo 4GR-FSE, na utaikuta pia kwenye Crown GRS210. Hutumia cheni ya taimingi, ile inayopanga mwendo wa vali na pistoni, badala ya mkanda, na spea zake utazipata Kirinyaga Road bila kuhangaika. Udhaifu wake uufahamu: petroli hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta, na masizi hujikusanya pale. Baadhi yake pia hula oili. Foleni zetu na safari fupifupi huharakisha hali hiyo. Jambo jingine, Mark X iliacha kuundwa Desemba 2019, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Zinazotoka Japani moja kwa moja zinaisha. Utabaki kuchagua zilizokwisha kutembea hapa nchini. Ile ya lita 3.5 usiikimbilie kwa sababu ya nguvu. Injini ya petroli inayozidi ukubwa wa cc 3,000 (lita 3) hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 35 inapoingia nchini, na bei unayotajiwa yadi imebeba mzigo huo.

Crown ya haibridi (petroli na umeme), AWS210, ndiyo ninayompendekezea mtu anayekaa kwenye foleni ya Mombasa Road kila jioni. Gari likisimama injini huzimika, na mota ya umeme hulisogeza taratibu. Betri kubwa iko nyuma ya kiti cha nyuma na hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Watu huziba tundu la hewa hiyo kwa mito na mabegi, au vumbi linajaa mpaka feni inashindwa, kisha betri inalaumiwa. Safisha njia hiyo kila unapofanya servisi kubwa.

C-Class W205 yenye turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) ina faida ambayo wengi hawaifikirii. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza sehemu ya nguvu zake. Turbo hufidia. Lakini turbo inataka oili safi, ya kiwango alichoagiza mtengenezaji, kwa wakati. Kwa BMW F30 za miaka ya mwanzo, zenye injini ya N20, uliza kwanza habari za cheni ya taimingi na vile vipande vya plastiki vinavyoiongoza, maana huvunjika. Nyingi pia hazina tairi la akiba. Tairi zake hukubali kutembea kidogo zikiwa hazina upepo, ila mashimo yetu huzikata ubavuni.

Kwa mtu anayenunua gari la hadhi hii kwa mara ya kwanza, mimi nasema Crown. Kama moyo uko kwa Mjerumani, haya, lakini mtafute fundi wake kwanza, umwone akifanya kazi, ndipo utafute gari.

Hatua ya 3: Karatasi

Kwa gari la kutoka Japani, dai karatasi ya mnada (ripoti ya ukaguzi wa gari lilipouzwa kule) na ulinganishe nambari ya chesi. Alama ya 4 au 4.5 ni nzuri. Herufi R inamaanisha limewahi kugongwa likatengenezwa. Kwa gari la hapa nchini, tafuta rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Jina la benki likiwa kwenye logibuku (hati ya umiliki) pamoja na la mwenye gari, deni bado lipo.

Hatua ya 4: Fika asubuhi, injini ikiwa baridi

Hapa ndipo nataka usiwe na haraka. Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, na ukifika weka mkono juu ya boneti. Mteja wangu mmoja alikuta boneti ina joto, akaambiwa gari limesogezwa tu kutoka kivulini. Alinunua. Kesho yake asubuhi, nyumbani kwake, injini iliguruma kama kokoto ndani ya kopo kwa sekunde tatu, kisha ikatulia. Ilikuwa cheni iliyolegea. Mlio huo husikika injini ikiwa baridi tu, na aliyeipasha moto alijua anaficha nini.

Washa mwenyewe, redio na feni zikiwa zimezimwa, mlango wazi. Mtu mwingine asimame nyuma. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Mvuke mweupe wa asubuhi unaotoweka hauna neno. Ule unaoendelea injini ikishapata moto, wenye harufu tamutamu, ni kulanti inayoingia silindani. Shika breki, weka R, kisha D. Gari likichelewa kushika, au likikupiga mgongoni, giaboksi ina maneno.

Endesha Thika Road mpaka kasi ya 80, kisha utafute barabara mbovu ya mtaani upite polepole madirisha yakiwa wazi. Sauti ya kugonga mbele mara nyingi ni bushi au shokabzoba. Rudi, lipeleke kwenye shimo la gereji unayoichagua wewe, wala si ya broka, ulitazame chini. Chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Kutokuwepo kwa kosa lolote hakutoshi: kompyuta iliyofutwa asubuhi hiyo itaonyesha kwamba vipimo vyake vya ndani havijakamilika, na hapo unajua kuna kilichofutwa.

Tazama pia tarakimu nne ubavuni mwa tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Hatua ya 5: Mwezi wa kwanza

Badilisha oili zote hata ukiambiwa zimebadilishwa juzi. Usikubali neno kwamba oili ya giaboksi hudumu maisha yote ya gari.

Kisha kulanti. Hili naliona kila wiki na linanisikitisha, watu wanaongeza maji ya mfereji. Kwa mwinuko wetu maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi kama 94, na injini nyingi hufanya kazi karibu na hapo. Kulanti sahihi na kifuniko kinachoshikilia presha ndivyo vinavyozuia kuchemka. Maji ya mfereji huacha chumvi na kutu ndani ya rejeta, na siku moja utasimama Museum Hill mvuke ukitoka.

Baada ya hapo, oili ya injini kila kilomita 5,000. Lipia bima kamili. Chonga nambari ya gari kwenye vioo vya pembeni kabla wezi hawajavizoea.

Nunua daftari dogo ulitie ndani ya dashibodi. Kila servisi andika tarehe, kilomita, aina ya oili na nambari ya spea iliyowekwa. Fundi mpya akilifungua, ataanzia pale mwenzake alipoachia.